Jumapili Niliyoitunga

Shule anayosoma binti yangu huku Sterling, Marekani, ilikuwa inagawa vitabu vilivyochoka. Wameviweka kwenye maboksi mlangoni, anayetaka achukue. Mimi nilikuwa nimekwenda kumchukua mtoto tu, tena nina haraka, lakini niliinama kidogo nitazame, na boksi la pili likanitolea harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa miaka mingi: ile plastiki wanayovalisha majalada ya vitabu vya maktaba, ikishazeeka na kuchanganyika na gundi na vidole vya watoto. Nilikiona kitabu kabla sijakigusa. Msichana mwenye kitambaa kichwani, amesimama kwenye sitaha ya meli, nywele zimepulizwa usoni. Nikafunua ukurasa mmoja, nikakirudisha. Binti yangu akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kama ni kizuri. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba sijui.

Na kweli sijui. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, na bado sijaamua kama kitabu kile kilinifanyia wema au ubaya, au kama ni mimi niliyemfanyia mtu ubaya nikakisingizia kitabu.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Riverdale Park, ghorofa ya pili ya jengo la matofali mekundu, na treni ya mizigo ilipita nyuma yetu ikitikisa sahani kabatini. Tulikuwa tumetoka Dodoma miaka miwili nyuma. Baba alifanya kazi kwenye ghala moja Lanham, Mama alitunza wazee majumbani mwao mpaka mimba ya mdogo wangu ilipomlemea, akapumzika. Kiingereza nilikuwa nimeshakishika kiasi cha kutosha watu waache kuniuliza mara mbili nilichosema.

Mwalimu wetu, Bi Pruitt, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, na muhula ule alitusomesha vitabu vya aina moja tu: watoto wa zamani waliohamia Marekani. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa hicho chenye meli. Msichana wa kitabuni aliitwa Mirka. Alisafiri na bibi yake wiki nyingi baharini, na walipofika wakapangwa foleni ndefu mbele ya madaktari. Madaktari walipindua kope za watu kutafuta ugonjwa wa macho. Bibi yake Mirka akaonekana na ugonjwa, akachorwa herufi kwa chaki kwenye koti, na akarudishwa na meli ileile iliyomleta. Sura hiyo niliirudia peke yangu, kwa sababu Bibi yangu, mama yake Mama, alikuwa na macho hayohayo. Kule kwetu, kwenye vumbi na nzi, wazee wengi wanayo. Kope zimejikunja kwa ndani, jicho moja limeingia ukungu.

Bi Pruitt alikuwa ametuandikia ubaoni jina la vitabu vya namna ile, maneno mawili. La kwanza nililijua, lilikuwa historia. La pili nikamwuliza Baba jioni, akasema maana yake ni mambo ya kubuni, ya uongo uongo hivi. Nikamwuliza, historia si mambo ya kweli? Akasema ndiyo. Sasa yatakuwaje ya kweli na ya uongo kwa pamoja? Baba alikuwa anafunga kamba za viatu vya kazi. Akasema nikamwulize mwalimu, maana shule ndiyo kazi yake.

Nikamwuliza. Bi Pruitt akanieleza kwa utulivu kwamba mambo yenyewe yaliwapata watu kweli, ila huyu anayesimuliwa kwamba yamempata ametungwa. Nililigeuzageuza jibu hilo njia nzima ya kurudi nyumbani. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimelielewa, au nilidhani nimelielewa. Jambo likishampata mtu mmoja popote duniani, mtu mwingine anaruhusiwa kulivaa kama nguo na kusema ni lake. Na kwa kuwa vitabu vyote vile vilihusu watoto wahamiaji, nikahitimisha kwamba hivyo ndivyo wahamiaji wanavyojieleza Marekani. Ilikuwa kama adabu ya mahali, kama kule kwetu mtoto anavyotoa shikamoo.

Ndiyo maana Bi Pruitt aliposema darasa letu lina bahati ya kuwa na wahamiaji wawili wa kweli, akaniomba nisimame nieleze safari yangu, sikufikiri mara mbili. Safari yangu halisi haikuwa na kitu. Nilipanda ndege, nikatapika, nikalala, nikaamka Baba ananivalisha koti kubwa. Nikaiacha. Nikasema tulikuja na Bibi. Nikasema daktari alimpindua kope, akamchora chaki mgongoni, na wakamrudisha peke yake, nami nikabaki nimesimama.

Bi Pruitt akatoa kitambaa akajifuta pua. Labda hiyo chaki aliona nimeichanganya kitoto na ya kitabuni, lakini bibi kurudishwa mpakani, hilo liliwezekana kabisa. Wenzangu walikata karatasi za rangi wakamwandikia Bibi kadi za kumpa pole na kumwombea aruhusiwe kurudi. Nilizibeba kadi zote ishirini na kitu, nikazitia kwenye droo ya nguo zangu. Naapa sikujiona mwongo. Nilidhani na wao wanajua. Nilidhani kadi nazo ni sehemu ya somo.

Mhamiaji wa pili darasani aliitwa Furaha. Alitoka Kongo, upande wa Kivu, akapitia kambi ya wakimbizi, na alikuwa na miezi michache tu Riverdale Park. Alikaa na baba yake ghorofa ya chini ya jengo letu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kiswahili chake kilinichanganya mwanzoni, maana maneno ni yaleyale lakini yamevalishwa vingine, naye nadhani alinisikia mimi vilevile. Alikaa nyuma, mikono mapajani, akitutazama wote kama mtu anayetazama mvua dirishani.

Mwezi haukuisha Bibi akaja. Mama alikuwa amejifungua, na Baba alikuwa amehangaikia viza ya matembezi kwa muda mrefu bila kuniambia, kwa kuhofia nisije nikavunjika moyo wakimnyima. Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Dulles. Nilisimama kwenye kizuizi nikijua macho yake, nikijua yaliyomkuta bibi yake Mirka. Akatoka anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu na kijana mwenye sare, anacheka, kanga juu ya sweta. Nilimkumbatia na kuanza kumzungukia. Akaniuliza natafuta nini mgongoni kwake. Nikamwambia chaki. Akasema pengine ni unga, maana alibeba unga wa mtama na mfuko ulipasuka.

Bi Pruitt alimwona siku ya nne, Mama alipokuja naye kunichukua shuleni, mtoto mchanga mgongoni. Mwalimu alimshika Bibi mikono yote miwili, akamwambia Mama jinsi alivyofurahi kwamba hatimaye wamemruhusu. Mama hakuelewa hatimaye hiyo imetoka wapi. Akatabasamu na kuitikia, kama wazazi wetu walivyoitikia kila neno lililotoka shuleni. Bi Pruitt akaomba Bibi aje darasani Jumanne asimulie, nami nitafsiri. Mama akaitikia na hilo.

Jumanne Bibi alikuja amejipaka mafuta usoni, amevaa kanga mpya. Wakampa kiti kidogo cha watoto, magoti yakamfika kifuani. Nilimwambia asimulie alivyohama, kwa sababu sikuwa na namna nyingine ya kulisema swali la Bi Pruitt. Bibi akafurahi. Kuhama alikujua. Alipokuwa mama kijana waliambiwa waache maboma yao ya zamani wakakae kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Likaja lori, akaja pia bwana mmoja wa serikali mwenye soksi ndefu. Wakapakia vyungu, kuku, watoto. Kilichobaki ni punda wa baba mkwe wake, na punda akakataa.

Hapo ndipo nilipopotea. Darasa lote lilikuwa linanitazama, Bi Pruitt mikono imeshikana kifuani, wote wanamngoja daktari na meli na chaki. Mimi nina punda. Nikafanya nilichoona ni sahihi. Kila Bibi aliposema punda, mimi nilisema Bibi.

Bibi akasema wanaume watano walimsukuma punda kwa nyuma, asisogee. Nikasema wanaume watano walimsukuma Bibi. Akasema punda akakaa chini kabisa, kitako, mbele ya lori. Nikasema Bibi alikaa chini mbele ya meli. Akasema wakamfunga kamba shingoni, na hapo Bibi mwenyewe akaanza kucheka, mabega yanaruka, kwa sababu alikuwa anajua kinachokuja: punda akaing'ata soksi ya yule bwana wa serikali na hakuiachia, ikabidi bwana mkubwa atembee kwa miguu kutwa nzima, punda nyuma yake, soksi mdomoni, mpaka kijiji kipya. Bibi alicheka mpaka jicho lake bovu likatoa machozi. Darasa zima lilikuwa linalia. Msichana mmoja alikuwa ameegemeza kichwa mezani.

Na nyuma kabisa, Furaha akacheka. Kicheko kamili, cha tumboni, cha kwanza tulichowahi kumsikia. Alicheka mahali haswa pa kucheka, na vichwa vyote vikageuka.

Bi Pruitt hakufoka. Alimwendea, akamshika bega, akamtoa nje ya mlango asimame kidogo atulie. Furaha akatoka. Nilimwona kupitia kioo cha mlango, uso wake umerudi kuwa ule wa siku zote. Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha. Sikulisema. Mchana ule hakuna aliyekaa naye kwenye meza ya chakula, na mimi pia sikukaa naye.

Bibi aliniuliza njiani kwa nini wale watoto walilia. Nikasema walisikitika. Akatembea hatua kadhaa.

"Kwa ajili ya punda?"

Alinitazama kwa lile jicho lake zima, akaacha kuuliza, lakini nyumbani alimsimulia Mama. Mama naye akakumbuka ile hatimaye ya mwalimu, akaanza kuuliza, na ndipo kadi zilipotoka kwenye droo. Alizisoma moja moja kwa sauti, mtoto ananyonya, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyoshuka. Hakunipiga. Aliogopa, na hilo lilinitisha kuliko kupigwa. Aliniuliza kama ninajua maana ya kusema mtu wetu alirudishwa mpakani, tena kuyasema mbele ya mwalimu, mambo yanayoweza kuandikwa mahali na kusomwa na watu. Nikajaribu kumweleza kwamba siyo uongo, ni ile historia ya kubuni. Akasema hataki kusikia neno hilo. Kuanzia kesho niseme kilichosemwa, basi, na nimwambie mwalimu ukweli kwa mdomo wangu mwenyewe. Bibi alikuwa amekaa pembeni anachambua mchele. Kilichomwuma yeye kilikuwa kingine.

"Kwa hiyo punda hukumsema kabisa?" akaniuliza. "Hata soksi?"

Kesho yake nilikwenda na nia ya kumwambia Bi Pruitt. Nilifika mezani kwake mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na simu, mara ya pili alinitabasamia, nikashindwa. Wakati wa mapumziko Furaha akanifuata uani kwenye ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza anifuate yeye.

"Nkambo yako alisemaka punda," alisema. Nkambo kwao ni bibi. "Weye ulisema mashua. Sababu gani?"

Nilitarajia ananikasirikia kwa kutolewa nje, na nikaanza kujitetea. Nikamweleza yote niliyoyajua juu ya kitabu, juu ya mambo ya kweli yasiyompata msemaji, juu ya adabu ya hapa. Alisikiliza kwa makini sana, akiangalia mdomo wangu. Kisha akaniuliza kama zile kadi watoto waliziandika kabla Bibi hajaja au baada. Nikasema kabla. Akaniuliza tena, kabla kabisa? Nikasema ndiyo, Bibi alikuwa bado yuko Dodoma. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anahesabu na hesabu ikatoka.

Zamu yake ya kusimulia ilikuwa Alhamisi, nami ndiye ningetafsiri. Akasema yeye atasema ya kwake, lakini mimi nikigeuza kwa Kiingereza niseme mama yake anakuja. Niseme hilo tu. Nikamwuliza mama yake yuko wapi, maana nilikuwa nimemwona baba peke yake. Akasema niseme anakuja.

Nilikubali, ingawa Mama alikuwa amenikataza siku iliyotangulia tu. Nilijua nimebeba ahadi mbili ambazo haziwezi kukaa kwenye mkono mmoja, na usiku ule nilitumaini nitaamka na homa. Niliamka mzima.

Alhamisi Furaha alisimama mbele, mimi kando yake. Nilidhani atasema maneno machache nami niyafunike na yangu. Kumbe alikuwa amefikiri vingine. Kwa kuwa alijua hakuna atakayemwelewa isipokuwa mimi, na kwamba mimi nitasema jingine, alijiona yuko peke yake mle ndani, akasema yote. Alisema kwa sauti ndogo, bila kusita, akitazama ramani iliyokuwa ukutani. Alisema walikuwa wanapanda lori la kuwatoa kijijini, kulikuwa na milio, watu wanasukumana. Mama yake alikuwa na mtoto mgongoni. Baba alikuwa ameshapanda. Yeye Furaha alikuwa ameshika kitenge cha mama kwa mkono wake wa kulia, na alikuwa ameambiwa asiachie. Akaachia. Lori likaondoka na mama akabaki chini. Akanyoosha mkono wa kulia, akauangalia, akaurudisha.

Kisha akanigeukia kunipa nafasi yangu.

Nilimsikia Mama kichwani akisema niseme kilichosemwa. Nilimwona Furaha ananitazama, uso wake umefunguka, ananingoja nitimize. Nikasema mama yake anakuja. Mtoto mmoja akauliza anakuja lini, na hapo Furaha hakuwa amenipa jibu. Nikalitoa kichwani mwangu mwenyewe. Nikasema Jumapili.

Neno hilo la Kiingereza Furaha alilijua. Lilikuwa mojawapo ya siku alizofundishwa.

Darasa lilishangilia. Bi Pruitt hakushangilia. Naamini alikuwa amesoma mahali yaliyomo kwenye karatasi za Furaha, kwa sababu aliniuliza polepole kama hayo kweli ndiyo Furaha aliyoyasema. Nikasema ndiyo. Watoto wakakata karatasi za rangi, wakaandika kadi za kumkaribisha mama, na Furaha alizipokea moja moja kwa mikono miwili.

Jumapili tulirudi kutoka kanisani saa saba mchana. Furaha alikuwa amekaa kwenye ngazi za mbele za jengo, gauni la njano, nywele zimesukwa upya, kadi zimepangwa mapajani. Nilitaka tupite. Bibi hakupita. Alijishusha taratibu, akaketi ngazi ileile, akamsalimu, akamwuliza anamngoja nani.

"Mama."

Bibi akanitazama. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote lolote, lakini aliendelea kunitazama. Nikamwambia Furaha kwamba Jumapili niliitunga. Sikuambiwa na mtu. Iliniponyoka kwa sababu waliuliza.

Hakuonyesha kushtuka. Akanieleza, kwa subira, kama mimi ndiye mgeni, kwamba nilisema nkambo yangu alirudishwa, watoto wakaandika makaratasi, na nkambo akaja. Ya mama yake waliandika pia. Akaniinulia nizione.

"Basi taja siku ingine," akasema.

Nimekutana na maneno magumu maishani, kazini na hospitalini na kwenye misiba, na sijakutana na gumu kuliko hilo. Nilikuwa naelewa kwa mara ya kwanza kwamba wakati wote ule mimi nilikuwa nimekielewa kitabu vibaya kwa namna moja, naye ameielewa tabia yangu vibaya kwa namna nyingine, na kwamba hakuna mtu mzima aliyejua tulichokuwa tunafanya.

Hapo mlango wa jengo ukafunguka, akatoka baba yake. Alikuwa mtu mwembamba aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, na siku ile alikuwa amevaa koti la suti. Alikuja moja kwa moja kwa Baba, akavua kofia. Shule ilikuwa imempigia simu Ijumaa, na mkalimani wa kwenye simu alikuwa akimwuliza kama ana habari mpya za mke wake. Yeye alisikia kwamba shule ndiyo yenye habari mpya. Tangu Ijumaa hakuwa amelala. Alidhani serikali imempata. Alikuwa anaomba Baba amsaidie kupiga simu, aulize amepatikana kambi gani.

Mama akatukaribisha wote ndani. Baba yake Furaha akakaa ukingoni mwa kochi, Furaha akabaki amesimama karibu na mlango na kadi zake. Mama akanitazama, akasema neno moja tu, nieleze.

Nikaeleza. Kitabu, chaki, punda, Jumapili. Niliona tumaini likimtoka yule baba usoni, na hiyo ndiyo picha ninayotamani ingenifutika. Hakunikemea. Aliinamisha kichwa akauliza, kwa adabu ileile aliyomwulizia Baba, basi Furaha mwenyewe alisema nini.

Furaha alitikisa kichwa kunikataza. Nilimwona. Lakini Mama alikuwa amesema niseme kilichosemwa, na kwa mara ya kwanza sikutakiwa kukigeuza kwa lugha yoyote. Nikakisema kama nilivyokisikia. Lori. Milio. Kitenge. Mkono wa kulia. Aliambiwa asiachie, akaachia.

Furaha na baba yake waliishi jengo lile mpaka kiangazi, kisha wakahamia jimbo jingine walikokuwa na ndugu, na mpaka leo sijapata kusikia kama mama yake alipatikana. Bi Pruitt alikuja nyumbani wiki iliyofuata, akakaa na Mama, wakazungumza sana, na mimi nikafungiwa chumbani pamoja na Bibi, ambaye alinitaka nijifunze kumsema punda kwa Kiingereza mpaka mwisho. Hayo ndiyo yaliyotokea. Kama nilifanya vema kuvunja siri ya Furaha sebuleni kwetu, au kama ilikuwa ni mara nyingine tena ya kusema kisicho changu, sikujua siku ile na sijui sasa. Najua tu nilichokiona.

Mle sebuleni, baba yake Furaha aliiweka kofia yake kando. Mdogo wangu alilia kidogo, akanyamaza. Halafu yule baba akateremka kutoka kwenye kochi, akapiga magoti kwenye zulia letu, uso wake ukawa sawa na wa Furaha.

"Hapana weye," akasema. "Weye ulikuwa umeshika nguvu. Ni miye nilikuvuta. Nilikukamata hapa." Akamshika chini ya kwapa zote mbili, kama alivyofanya siku ile. "Nilikuvuta ndani ya lori, kitenge kikatoka mu mukono yako. Ni miye."

Furaha alimtazama. Alitazama mkono wake wa kulia, kisha akamtazama tena, amekunja uso kama alivyoukunja uani nilipokuwa namweleza mambo ya kitabu. Kadi zikamtoka moja moja zikaanguka sakafuni, wala hakuinama.

"Sema tena," akamwambia.

Akasema tena.